BAJETI YA HALMASHAURI HUBADILISHWAJE?

Kila mwaka, tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha wa Serikali huanza. Siku hiyo halmashauri zetu zote, kuanzia Kishapu, Shinyanga, Kahama, Msalala na Ushetu hadi Mbogwe, Bukombe, Nyang'hwale, Geita na Chato, huanza kutumia bajeti mpya. Ndani ya bajeti hiyo mna mambo yanayotuhusu sana: dawa, madawati, visima, barabara za vijijini, na kumalizia maboma ya zahanati na madarasa ambayo wananchi wameyajenga kwa nguvu zao mpaka usawa wa kuezeka.

Lakini katikati ya mwaka, kwenye mkutano wa kijiji, husikika maneno haya: "Fedha za zahanati yenu zilikuwepo, ila bajeti imebadilishwa." Watu wananung'unika. Wengine wanainuka na kuondoka. Boma linabaki bila bati, mvua za masika zinakuja na kuanza kulila.

Je, bajeti inaweza kubadilishwa baada ya kupitishwa? Nani ana ruhusa ya kuibadilisha? Na sisi tuliobeba mawe na mchanga tuna nafasi gani? Haya ndiyo tutakayojifunza leo.

BAJETI NI NINI?

Bajeti ni makadirio ya mapato na matumizi. Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Mama mmoja mkulima wa pamba anakadiria kwamba msimu huu atapata shilingi 900,000. Anapanga: 300,000 za bati, 200,000 za sare na madaftari ya watoto, 250,000 za chakula, na 150,000 za mbegu na dawa ya wadudu. Hiyo ni bajeti.

Sasa tuseme bei ya pamba inashuka, anapata 600,000 tu. Zimepungua 300,000. Hawezi kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Inabidi akae na mume wake na watoto wakubwa, waamue: tuache bati mwaka huu, au tupunguze kila mahali kidogo? Kukaa huko na kuamua upya ndiko kubadilisha bajeti.

Halmashauri nayo ni hivyo hivyo. Ila kuna tofauti moja kubwa. Mama yule anabadilisha fedha yake mwenyewe. Halmashauri inabadilisha fedha ya watu wengi. Kwa hiyo haiwezi kufanya hivyo kwa mdomo tu, au kwa agizo la mtu mmoja ofisini. Lazima ifuate sheria.

SHERIA ZENYEWE NI ZIPI?

Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya watumishi wa Serikali Kuu. Baadaye Serikali iliona kwamba wananchi wanahitaji vyombo vyao. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria za kurudisha serikali za mitaa, na halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Katiba yetu nayo inazitaja, katika ibara za 145 na 146.

Kati ya sheria za mwaka 1982, mbili zinahusu sana somo letu. Ya kwanza ni Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Namba 7. Ya pili ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9. Mwaka 2015 iliongezeka Sheria ya Bajeti, Namba 11.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inasema mambo matatu ambayo kila mwananchi anafaa kuyashika:

1. Baraza la Madiwani lazima lipitishe bajeti ya mwaka katika mkutano ulioitishwa kwa kazi hiyo, si chini ya miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuanza.

2. Bajeti ikishapitishwa inaifunga halmashauri. Fedha zitumike kwa kazi zilizoandikwa na kwa kiasi kilichoandikwa.

3. Mambo yakibadilika, Baraza linaweza kupitisha bajeti ya nyongeza wakati wowote ndani ya mwaka.

Kwa hiyo anayesema "bajeti haiguswi" amekosea, na anayesema "bajeti ni karatasi tu" amekosea pia. Bajeti inaweza kubadilishwa, lakini kwa utaratibu.

KWA NINI BAJETI HUBADILIKA?

Sababu ni nyingi. Tutazame zile za huku kwetu, mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Sababu ya kwanza ni mapato ya migodi kupanda na kushuka. Kwa miaka mingi sheria iliruhusu halmashauri kutoza makampuni ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Zamani mikataba ya migodi mikubwa iliweka kikomo cha dola 200,000 za Kimarekani kwa mwaka, hata kama mgodi umeuza dhahabu nyingi namna gani. Baadaye migodi ilianza kulipa kwa asilimia.

Asilimia ina uzuri wake na ubaya wake. Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya shilingi bilioni 100. Asilimia 0.3 yake ni shilingi milioni 300. Mwaka wa pili mauzo yakishuka hadi bilioni 60, halmashauri itapata milioni 180. Pengo ni milioni 120. Hizo ni zahanati na madarasa ya watu.

Jambo hili si la kufikirika. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga wa madini usisafirishwe nje ya nchi. Baadaye mwaka huo huo mgodi wa Bulyanhulu, ulioko Msalala, ulipunguza sana kazi zake, na uzalishaji ukaja kurudi kwa nguvu miaka kadhaa baadaye. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, nao ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Mgodi ukipunguza mauzo au ukifungwa, ushuru wa huduma nao hupungua au hukoma. Halmashauri iliyokaa ikitegemea mgodi mmoja ni kama mtu anayeegemea mti mmoja. Mti ukianguka, naye chini.

Upande wa pili, mapato yanaweza kuongezeka. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu la Geita. Wachimbaji wadogo ambao zamani waliuza dhahabu yao gizani walianza kuuza mahali panapojulikana, penye mizani na kumbukumbu. Mauzo yakionekana, ushuru nao unaonekana. Fedha ikizidi makadirio, nayo inahitaji kupangiwa kazi. Haifai itumike kimya kimya.

Sababu ya pili ni Bunge kubadilisha sheria mama. Mfano mzuri ni ushuru wa mazao. Zamani ushuru huo ulifika asilimia 5 ya bei. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali iliupunguza: asilimia 3 kwa mazao ya biashara kama pamba, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula kama mpunga na mahindi. Pia ilitamkwa kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru. Kwa mkulima ilikuwa nafuu. Kwa halmashauri zilizokwisha kupanga bajeti kwa kutegemea asilimia 5, lilikuwa pengo.

Sababu ya tatu ni majanga. Mwezi Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu, zilibomoka, tope likaingia kwenye mashamba na makazi ya watu. Hakuna mpanga bajeti anayeliona jambo kama hilo mapema. Mvua ikivunja daraja, au ugonjwa wa kipindupindu ukiingia kwenye machimbo, fedha lazima itafutwe.

NJIA TATU ZA KUBADILISHA

Sasa tuziangalie njia zenyewe. Tuzishike vizuri, maana watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni uhamisho wa fedha. Hapa jumla ya bajeti haibadiliki. Fedha inatoka fungu moja kwenda fungu lingine. Ni kama kutoa mchele kwenye debe moja na kuumimina kwenye debe la pili. Mchele ni ule ule, lakini debe moja limepungua. Kwa hiyo ukisikia uhamisho, uliza maswali mawili: Imekwenda wapi? Imetoka wapi? Watu hupenda kuuliza la kwanza na kulisahau la pili.

Njia ya pili ni bajeti ya nyongeza. Hii hutumika pale mapato mapya yanapopatikana, au matumizi mapya yanapolazimika, ambayo hayakuwemo kwenye makadirio ya kwanza. Hapa jumla yenyewe inabadilika.

Njia ya tatu ni kubadilisha sheria ndogo za ushuru na ada. Hapa halmashauri inabadilisha kiasi inachotoza: ushuru wa mnada, ada ya soko, ushuru wa mazao. Hii ndiyo njia ndefu kuliko zote, kwa sababu inagusa mfuko wa mwananchi moja kwa moja.

HATUA ZA UHAMISHO NA NYONGEZA

Hatua huwa hivi:

Kwanza, Mkurugenzi na wakuu wa idara wanaandaa mapendekezo. Wanaeleza fungu gani limepungua, lipi limezidi, na kwa nini.

Pili, mapendekezo yanapelekwa kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia fedha na mipango. Hapa ndipo kazi ya kweli hufanyika, maana madiwani ni wachache na wana nafasi ya kuhoji kila tarakimu.

Tatu, yanapelekwa kwenye Baraza la Madiwani. Baraza hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Uamuzi wake huandikwa kwenye muhtasari.

Nne, maamuzi hupitia Sekretarieti ya Mkoa na kwenda Wizara inayosimamia serikali za mitaa, yaani TAMISEMI, na Hazina pale inapohitajika. Kwa nini yaende juu? Kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za halmashauri ni ruzuku ya Serikali Kuu iliyopitishwa na Bunge. Fedha iliyotolewa na Bunge kwa ajili ya madawati haiwezi kuwa posho kwa sababu tu mtu fulani wilayani ameona vema.

Tano, vitabu vya hesabu vinabadilishwa, ndipo fedha inatumika. Mwisho wa mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua. Akikuta fedha ilihamishwa bila kibali, huandika kwenye ripoti yake, nayo huwasilishwa Bungeni na kutangazwa kwa wananchi.

Yapo mafungu ambayo halmashauri haiwezi kuyachezea. Tangu mwaka 2018 sheria inadai asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Angalia basi: mapato ya ndani yanayohusika yakikadiriwa upya kutoka bilioni 2 hadi bilioni 2.5, fungu la mikopo nalo litoke milioni 200 lifike milioni 250. Vikundi vya kina mama wajue hesabu hii.

Kadhalika fedha ambazo mgodi hutoa kwa jamii inayouzunguka. Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye leseni lazima aandae mpango wa kila mwaka na kukubaliana na halmashauri husika. Mpango huo si zawadi ya kupokea kwa makofi. Ni makubaliano, na wananchi wanaweza kuuliza miradi iliyomo na gharama zake.

HATUA ZA SHERIA NDOGO

Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo Baraza la Madiwani haliwezi kuamka asubuhi na kubuni kodi mpya. Linaweza kutoza tu yale ambayo Bunge limeruhusu, na halizidi kiwango cha Bunge.

Likitaka kubadilisha kiwango, hatua ni hizi: rasimu inaandaliwa, wananchi wanatangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, Baraza linajadili na kupitisha, rasimu inapelekwa kwa Waziri kupitia mkoani, Waziri akikubali, sheria ndogo inatangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inapata nguvu.

Kijiji nacho kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji unajadili, kisha zinapelekwa halmashauri ya wilaya ili zikubaliwe. Mtendaji anayekutoza "ushuru wa kijiji" uliokubaliwa na watu wanne chini ya mwembe hana sheria mkononi.

Ukikutana na jambo kama hilo kwenye kizuizi au mnadani, usigombane. Ugomvi utakugeuza wewe kuwa mkosaji. Uliza sheria ndogo inayohusika, dai risiti ya mashine, andika tarehe na kiasi, kisha upeleke malalamiko kwa diwani wako au kwa Mkurugenzi. Karatasi ina nguvu kuliko kelele.

JIRANI ZETU WANAFANYAJE?

Kenya ilianza serikali za kaunti 47 mwaka 2013, kufuatana na Katiba yao ya mwaka 2010. Kaunti ya Migori, ambayo nayo ina machimbo ya dhahabu, ina gavana na bunge lake. Sheria yao ya fedha ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kutumia fedha isiyokuwemo kwenye bajeti jambo la lazima likitokea, lakini kibali cha bunge la kaunti kitafutwe ndani ya miezi miwili, na kwa kawaida kiasi hicho kisizidi asilimia 10 ya fedha iliyopitishwa. Kule bunge la kaunti lenyewe ndilo linalotunga sheria ya nyongeza. Kwetu, Baraza la Madiwani linapitisha, na ngazi za juu zinatoa kibali.

Mifumo inatofautiana, ila shabaha ni moja: asiwepo mtu mmoja mwenye uwezo wa kuhamisha fedha ya umma peke yake.

BAJETI INAYOBADILIKA KIMYA KIMYA

Sasa tufikie jambo ambalo ni zito kuliko yote. Mara nyingi boma la zahanati halikosi bati kwa sababu Baraza limeamua kuhamisha fedha. Linakosa kwa sababu fedha haikuja kabisa. Kwenye karatasi mradi bado upo. Hakuna kikao kilichoufuta. Lakini makusanyo yalipopungua, au ruzuku ilipochelewa, mtu fulani aliamua kipi kianze na kipi kingoje. Mwaka ukaisha, mradi ukalala.

Hayo nayo ni mabadiliko ya bajeti, ingawa hayakuitwa kwa jina hilo. Na ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayana muhtasari, na hakuna aliyenyoosha mkono kuyakubali.

Dawa yake ni tarakimu tatu. Kila robo mwaka, katika mkutano wa kijiji na mkutano wa kata, tuulize:

1. Mradi wetu ulipangiwa shilingi ngapi?
2. Zimepokelewa shilingi ngapi?
3. Zimetumika shilingi ngapi, na kwa kazi gani?

Mzee anaweza kusimama na kusema kwa heshima: "Mheshimiwa diwani, tunashukuru kwa taarifa. Tunaomba utusomee tarakimu tatu za zahanati yetu." Kusema hivyo si utovu wa adabu wala siasa. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Mikutano ya Baraza la Madiwani pia iko wazi kwa wananchi. Unaweza kwenda, ukakaa kimya, ukasikiliza jinsi diwani wako anavyosema au asivyosema.

Zaidi ya hayo, tusingoje Aprili au Mei kupeleka maoni. Vijiji huanza kutaja vipaumbele vyao miezi mingi kabla ya Julai. Kijiji ambacho hakikukaa mkutano wakati huo hakina jambo lililoandikwa. Na jambo ambalo halikuandikwa, hata fedha ikizidi, halina mahali pa kushikia.

Ndugu msomaji, tulijifunza kusoma na kuandika ili tuyatumie. Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji umejaa karatasi za mapato na matumizi ambazo watu wanazipita kila siku wakienda mashineni. Kesho ukipita, simama. Soma. Kama ubao ni mtupu, huo nao ni ujumbe: mwulize mtendaji kwa nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya uhamisho wa fedha na bajeti ya nyongeza?
2. Mgodi ukiuza dhahabu ya shilingi bilioni 80, asilimia 0.3 yake ni shilingi ngapi?
3. Kwa nini Baraza la Madiwani haliwezi kubuni kodi mpya peke yake?
4. Taja tarakimu tatu ambazo mwananchi anafaa kuuliza juu ya kila mradi.
5. Katika kijiji chenu, ni mradi gani umesimama? Mchague mtu wa kwenda kuuliza habari zake, na atoe majibu kwenye mkutano ujao.